Mshono mwekundu tukautuliza, ngozi isiyo na wekundu tukaikimbilia: kwa nini?

Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili

Habari zenu wakubwa na wenzangu. Katika mafunzo ya vitendo nilifungua bendeji ya mgonjwa aliyekuwa siku ya pili tangu afanyiwe upasuaji, nikakuta kingo za mshono zimekuwa nyekundu, zimevimba kidogo na zina joto, nami nikaandika kwenye jalada kwamba kidonda kimepata maambukizi. Muuguzi kiongozi aliniambia niandike nilichokiona, si nilichokidhania. Jioni hiyo hiyo alimkuta mgonjwa mwingine, anayepewa dawa za saratani, ambaye mahali palipochomwa kanula (mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa wa damu) palikuwa pakavu, hapana wekundu wala usaha, ila joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.4. Daktari aliitwa papo hapo. Naomba kueleweshwa.

Muuguzi, wodi ya upasuaji

Ulichokiona ni inflamesheni, yaani mwitikio wa mwili kwa jeraha, nayo si jina jingine la maambukizi. Kisu cha upasuaji, hata kiwe safi namna gani, hukata seli, na seli zilizoumia hutoa ishara bila kusubiri bakteria yeyote aingie. Seli za masti, ambazo ni seli za kinga zilizomo kwenye ngozi, humwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo hutanuka na damu hujaa mahali hapo, ndiyo sababu ya wekundu na joto. Kuta za kapilari, mishipa myembamba kabisa ya damu, huachia nafasi, majimaji yenye protini huvujia nje, ndipo panapovimba. Kemikali nyingine, bradikinini na prostaglandini, nazo huchokoza neva, mgonjwa akasikia maumivu. Dalili hizo nne alikwisha kuziandika Mroma Celsus katika karne ya kwanza. Nyutrofili, seli nyeupe za damu zinazopambana na vimelea, hufika ndani ya saa chache, na makrofaji, seli zinazomeza uchafu, hufuata kwa wingi baada ya siku moja au mbili kusafisha mabaki na kuanzisha ukarabati.

Kwa hiyo siku ya pili uliona kazi ya kawaida. Mimi huangalia mwelekeo: wekundu unaobaki kandokando ya mshono na kufifia kila siku haunisumbui, lakini ukianza kutambaa, maumivu yakiongezeka wakati yalipaswa kupungua, au ukitoka uchafu mzito wenye harufu, hapo natoa taarifa. Chora mpaka wa wekundu kwa kalamu ya ngozi, uandike tarehe na saa, ili wa zamu ijayo asibahatishe.

Muuguzi, wodi ya saratani

Niongeze kuhusu mgonjwa wa pili, maana huyo ndiye wa kuogopwa. Usaha kwa sehemu kubwa ni nyutrofili zilizokufa zikipambana na vimelea, na dawa nyingi za saratani huzuia uboho (ute ulio ndani ya mifupa) kuzitengeneza. Nyutrofili zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, bakteria wanaweza kuzaliana kwenye njia ya kanula bila ngozi kuonyesha chochote. Homa hubaki, kwa sababu saitokini (kemikali za ishara za kinga) kama interlukini-1 hutolewa pia na seli nyingine, nazo husababisha prostaglandini E2 kupandisha kiwango cha joto kinacholindwa na hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili. Mara nyingi homa hiyo ndiyo dalili pekee, hivyo nyuzi 38.3, hata zikipimwa mara moja tu, zinatosha kuchukua damu ya kuoteshwa maabara ili kutafuta bakteria, na kuanza antibiotiki ndani ya saa moja. Usimpe parasetamo kabla ya kupima na kutoa taarifa, na usimpime joto kwa njia ya haja kubwa, kwani mchubuko mdogo tu hufungua mlango. Steroidi, dawa zinazopunguza inflamesheni, nazo huzima dalili, basi soma karatasi ya dawa kabla ya kukiamini kidonda kilichotulia.

Mkufunzi

Wote mmetaja wekundu kana kwamba ngozi zote huuonyesha. Kwenye ngozi nyeusi huenda ukaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau, au usione kitu kabisa. Tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto na ngozi ya pembeni, kisha bonyeza taratibu uone kama pamekuwa pagumu.

Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili

Nawashukuru sana. Leo, siku ya nne, nimeandika: "Wekundu sentimita 0.5 kila upande wa mshono, haujavuka mstari wa juzi, joto limepungua, hakuna uchafu unaotoka, mgonjwa asema maumivu ni 2 kati ya 10, jana yalikuwa 4." Muuguzi kiongozi ameweka sahihi bila neno.