Uduvi wangu wa tangini wanakufa mmoja mmoja, nimekosea wapi?

Kijana wa Ngamiani

Wakuu, habari za mihangaiko. Niko Tanga. Naombeni msaada kabla sijamaliza kizazi cha viumbe wa watu.

Nina tangi la kioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 36, nimetengenezewa na fundi vioo wa mtaani. Niliona kwenye simu yale matangi yenye majani kama msitu, uduvi wekundu wanatembea juu yake, roho ikahamia huko. Nikaagiza uduvi 20 wa cheri (hao wekundu, wa maji baridi) kutoka Dar, wakaja na basi. Chini nimeweka mchanga wa pwani, nimeuosha mara nane. Juu yake mawe mawili ya matumbawe niliyookota Raskazone na majani niliyopewa na aliyeniuzia. Maji ni ya bomba. Filta ni ile ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa.

Nilijaza maji Jumatatu, uduvi wakaingia Ijumaa. Wiki ya kwanza wakafa watatu. Nikaona maji yamechafuka, nikabadilisha nusu. Siku mbili tu, wakafa sita. Jumapili nimeamka wanne chali. Sasa ninao saba. Wengine waliokufa walikuwa na mstari mweupe shingoni, kama wamevishwa pete. Samaki sina, kwa hiyo hakuna wa kuwala. Nawasilisha.

Bada la Moto

Mkuu, hao waliokufa umewatia nazi au umewatupa? Tanga hii uduvi ni mboga ya bada, ugali wa muhogo, wewe unawawashia taa.

Mzee wa Kaole

Mwache mwenzio, Bada. Kijana, pole. Mimi nipo Bagamoyo, hawa nafuga mwaka wa nne, na wa kwanza niliwaua wote kama wewe.

Tangi la siku nne bado ni beseni la maji. Mavi ya uduvi na chakula kilichobaki vinatoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haina neno na majani yanaila. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji, mchanga na mawe. Kuwapata wa kutosha huchukua kama wiki nne hadi sita. Ulitakiwa uwashe filta, udondoshee chembe za chakula, ukae na tangi lisilo na mnyama muda wote huo. Najua linachosha. Mke wangu alikuwa akiuliza kila siku, "Hayo majani yenyewe ndiyo unayafuga?"

Hiyo pete nyeupe ni kujivua gamba kulikoshindikana. Uduvi hukua kwa kuvua gamba (na yeye huvua kweli, si kama wanasiasa), na ukimbadilishia maji ghafla anavua kabla ya wakati wake. Gamba linapasuka kuzunguka mwili wote, anashindwa kutoka. Hiyo nusu uliyobadilisha naishuku sana.

Sasa hao saba usiwahamishe. Acha kuwalisha siku tano, wataokota utando kwenye mawe. Badilisha maji asilimia kumi tu kila baada ya siku mbili, ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Usiyamwage, yadondoshe. Nenda duka la dawa ununue mrija wa dripu, ile gurudumu yake inakupa tone kwa tone. Na ukipata mtu mwenye tangi la zamani, muombe akukamulie sponji lake kwenye maji yako. Yale machafu ya kahawia ndiyo mali.

Fundi Chokaa

Toa hayo matumbawe leo. Ni chokaa tupu, yanayeyuka kidogo kidogo na kuyafanya maji kuwa magumu, na pH (kipimo cha asidi ya maji, ikipanda asidi imepungua) inapanda. Mchanga wa pwani hivyo hivyo, umejaa vipande vya makombe. Kuosha kunaondoa chumvi, chokaa kinabaki.

Mzee wa Kaole

Fundi, hapo nakupinga kidogo. Cheri si wale wa mistari myeupe na myekundu wanaotaka maji laini na pH ya 6. Cheri anavumilia pH mpaka 7.8, tena anahitaji madini ya kujengea gamba. Maji ya chokaa hayawezi kuwaua 13 kwa wiki mbili.

Fundi Chokaa

Sijasema ndiyo yaliyoua. Nasema hajapima kitu chochote, na ana jiwe linalobadilisha maji kila siku. Anunue kipimo cha matone, apime ugumu, pH, amonia na nitriti, ndipo tubishane.

Mzee wa Kaole

Hapo sina neno.

Mama Mkungu

Kaka, nakuuliza swali moja ambalo hawa wazee wamelisahau. Hapo nyumbani mnapuliza dawa ya mbu?

Kijana wa Ngamiani

Dah. Kila siku magharibi, dada yenu anapuliza sebule nzima, tunafunga milango nusu saa. Tangi liko sebuleni. Lakini nina kifuniko cha kioo juu.

Mama Mkungu

Na pampu ya hewa iko wapi? Iko nje ya tangi, inavuta hewa ya hiyo hiyo sebule na kuipeleka mpaka ndani ya maji. Dawa nyingi za kupuliza zina sumu jamii ya pairethroidi, na uduvi kwa ukoo yuko karibu na mdudu kuliko samaki. Kiasi kisichomsumbua mtu kinammaliza. Wangu walikufa 40 usiku mmoja, nikalaumu maji miezi mitatu. Funga neti, wavu madirishani, dawa iishie chumbani na tangi lisiwe humo. Uangalie pia dawa za samaki na mbolea zenye shaba, nayo hawaiwezi.

Sasa mpangilio, maana umeuliza vifo lakini nimeiona picha uliyoweka. Mawe mawili yanalingana, umeyasimamisha kushoto na kulia kama makaburi. Tumia matatu au matano, moja liwe kubwa, lisikae katikati, lisogee theluthi moja ya upana, yaliyobaki yaliegemee. Mchanga wa mto, mbele sentimita tatu, nyuma nane, jicho litaona kina ambacho hakipo. Yule Mjapani Takashi Amano, aliyefariki 2015, ndiye aliyeupa umaarufu mtindo huu. Uduvi wenye jina lake ni wala mwani hodari, ila usiwanunue ukitegemea watoto, vifaranga wao wanataka maji ya chumvichumvi.

Kigogo usikate mkoko, kwanza kuna sheria. Mzizi mkavu wa mpera unatosha: uchemshe, uuloweke mpaka uzame. Juu yake funga anubia na mosi ya Java (kimmea laini kama zulia) kwa uzi. Anubia ni mmea wa Afrika Magharibi na Kati, shina lake nene usilifukie, linaoza. Haya hayataki gesi ya kaboni dioksidi wala udongo maalumu. Taa saa sita kwa siku zinatosha, ukizidisha utafuga mwani.

Halafu kuna hazina mnaikanyaga kila siku: jani la mkungu. Wenzetu ng'ambo wananunua kwa pakiti! Okota lililoanguka lenyewe, kavu, la kahawia, mbali na barabara na mahali palipopulizwa dawa. Lioshe, weka moja. Maji yatakuwa rangi ya chai, uduvi watalitafuna mpaka libaki mishipa. Mchicha uliochemshwa dakika moja nao wanaupenda, toa baada ya saa chache.

Kijana wa Ngamiani

Wakuu, wiki ya saba leo. Tangi limehamia baraza ya ndani, dawa tumeacha, dada yenu kanunua neti mbili. Matumbawe na mchanga wa pwani nilivitoa kidogo kidogo kwa wiki tatu. Amonia na nitriti sifuri. Walikufa wawili tena mwanzoni, watano wapo, na jike mmoja ana mayai chini ya mkia, ya njano kama mtama! Shida sasa ni joto. Mchana maji yanafika 31.

Mzee wa Kaole

Mayai siku 30 hivi, kutegemea joto. Wakitoka ni wadogo milimita mbili, kwa hiyo sponji usilitoe, wasije wakanyonywa na filta. 31 ni nyingi, maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Ondoa kifuniko, weka feni ndogo ipulize juu ya maji, itashusha nyuzi mbili tatu.

Fundi Chokaa

Na maji yatapungua haraka, kwa hiyo usijazie ya bomba. Yanayopaa ni maji, madini yanabaki. Jazia ya mvua, beseni liwe katikati ya uwanja, si chini ya mlizamu, bati lina zinki.

Mama Mkungu

Wakizaana wakakuzidi, gawa. Usije ukawamwaga Mto Zigi, si wa huku hao.

Bada la Moto

Nigawie kumi basi. Tangi ninalo, nimelijaza maji jana.

Mzee wa Kaole

Jana?