Naomba ushauri: nimemwita mdogo wangu mwizi

Wakuu, nauza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi, pamoja na mdogo wangu. Juzi hela ilipungua shilingi 5,000, nikamfokea mbele ya wateja, nikamwita mwizi. Hakujibu. Aliutua taratibu mkungu wa ndizi aina ya mshare aliokuwa ameubeba, akaondoka. Jioni noti nikaikuta mfukoni mwangu.

Hasira hasara naijua tangu utoto, ila mdomo wangu hutangulia, na nimeshapoteza marafiki kwa hilo. Kwetu Uchagani ukiletewa jani la isale unaombwa msamaha, na kulikataa ni vigumu mno. Sitaki kumbana, nataka anisamehe kwa moyo. Niende na isale, au kwanza nikae naye tuzungumze? Na nyie mliokuwa na ulimi kama wangu, mliuzuiaje?