Mshahara wa riyali 1,000: niweke wapi akiba kabla mkataba haujaisha?

Swali, kutoka Dammam:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninafanya kazi za nyumbani hapa Saudia kwa mkataba wa miaka miwili, na mshahara wangu ni riyali 1,000 kwa mwezi. Karibu zote humtumia kaka yangu Kilifi, ambaye hulipa karo ya watoto wangu, humpa mama matumizi, na kinachosalia hukiweka kwa ajili ya kiwanja. Mkataba unakaribia kwisha, nami sijui kimesalia kiasi gani. Nitaanzaje kuweka akiba kwa jina langu bila mama kuona kwamba nimemtupa?

Jibu, kutoka Mombasa:
Waalaykum salaam, dada. Zitenge fedha hizo zikiwa bado mkononi mwako, kwa sababu zikishaingia zote kwenye simu ya kaka, kila shida ya ukoo itamwangukia yeye, na hata awe mwaminifu namna gani, hatakuwa na njia ya kukataa. Jiunge na sacco (chama cha akiba na mikopo) yenye leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco nchini Kenya, na utume fungu lako moja kwa moja huko. Uliza mapema tofauti ya akiba na hisa: akiba hurudishwa unapojitoa, baada ya muda wa notisi, ilhali hisa hazirudishwi bali huhamishiwa mwanachama mwingine. Mimi ni mhasibu wa sacco, na huniuma kuona mtu akiyajua haya siku anapozihitaji fedha.

Jibu, kutoka Malindi, aliyewahi kufanya kazi Riyadh:
Tazama pia thamani ya shilingi. Riyali imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha riyali 3.75 kwa dola moja tangu 1986, kwa hiyo inayoyumba ni shilingi yetu. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika takriban shilingi 160, kisha baada ya miezi michache ikashuka hadi karibu 130, na riyali 1,000 zilizokuwa zaidi ya shilingi 42,000 zikawa chini ya 35,000. Patana na mama kiasi cha shilingi ambacho utakimudu hata kiwango kikiwa kibaya, na ziada ya miezi mizuri iwe akiba yako. Karo ilipe wewe mwenyewe kwenye akaunti ya shule. Kuhusu kiwanja, mkataba wa mauziano uandikwe kwa jina lako, na hati ikaguliwe katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa chochote.