Naomba ushauri: PS5 ya CD au Xbox Series S na Game Pass, kwa nyumba yenye bando la kupimiwa?

Mwalimu wa Kihonda

Habari za jioni, wakuu. Ninaishi Morogoro na nina PS4 niliyoinunua mwaka 2018, ambayo sasa feni yake inavuma kiasi kwamba tunalazimika kupandisha sauti ya televisheni ili tuwasikie watangazaji wa mpira. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 2 kwa ajili ya mashine mpya na sitaki kuvuka hapo.

Nyumbani tunacheza watatu. Mimi napenda mpira na gemu za hadithi ndefu, mdogo wangu wa kidato cha tano hataki kusikia kitu kingine zaidi ya Call of Duty kila anaporudi likizo, na binti yangu wa miaka minane anapenda magari na gemu za kurukaruka zenye rangi nyingi.

Mwenye duka mmoja amenishauri nichukue Xbox Series S, kwa maelezo kwamba bei yake iko chini na kwamba nikishalipia Game Pass nitakuwa na mamia ya gemu bila kununua CD tena. Mwalimu mwenzangu yeye anasisitiza PS5, kwa sababu gemu kubwa za Sony hazipatikani kwenye Xbox. Nimekaa na daftari nikapiga hesabu. Game Pass Ultimate, ambayo ndiyo inayotoa gemu mpya siku ileile zinapotoka, ilipanda Oktoba 2025 kutoka dola 19.99 hadi dola 29.99 kwa mwezi. Kwa bei hiyo, mwaka mmoja ni karibu dola 360, na kwa miaka 3 inapita dola 1,000, fedha ambayo ni zaidi ya bei ya mashine yenyewe. PlayStation Plus Extra, ambayo ni huduma kama hiyo upande wa PS5, nayo ilipanda Septemba 2023 kutoka dola 99.99 hadi dola 134.99 kwa mwaka. Nimeshindwa kuamua kama ninachonunua ni mashine au ni deni la kila mwezi.

Mambo mawili mengine ambayo huenda yakawasaidia kunishauri: nina CD 23 za PS4 ambazo sijaziuza, na intaneti yetu ni ya modemu ya laini ya simu yenye bando la kupimiwa, kwa kuwa faiba haijafika mtaani kwetu. Natanguliza shukrani.

Fundi Padi

Mkuu, anza na hizo CD 23 kabla ya kufikiria huduma yoyote. Xbox Series S haina mahali pa kuweka CD, na hata ingekuwa napo, CD za PS4 hazisomeki kwenye Xbox ya aina yoyote. PS5 ya CD inasoma karibu gemu zote za PS4, kwa hiyo ukiichukua unaanza siku ya kwanza ukiwa na kabati lililojaa tayari, bila kulipa senti.

Hapo kwenye "PS5 ya CD" nakuomba uwe makini, kwa sababu huku kwenye meza yangu napokea watu waliouziwa ya dijitali, isiyo na sehemu ya CD, wakidhani ni ileile. Ya dijitali ya mwanzo, ile ya mwaka 2020, haiwezi kuongezewa sehemu ya CD hata ufanye nini. Zile nyembamba zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2023 zinakubali kuongezewa, lakini kifaa hicho kinauzwa peke yake, na unapokifunga mara ya kwanza lazima mashine iwe kwenye intaneti ili ikitambue. Ukipiga hesabu ya kuongeza kifaa hicho baadaye, mara nyingi utakuta ni afadhali ungenunua ya CD tangu mwanzo.

Kuhusu Series S, jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni nafasi. Ile ya GB 512 inakubakizia GB 364 tu za kuweka gemu. Call of Duty moja ya mdogo wako inaweza kula zaidi ya GB 100 kati ya hizo, na hapo hujaweka mpira wako wala magari ya binti.

Mama Ilham

Mwalimu, mimi niko Mombasa na naomba nitetee Game Pass kidogo, kwa sababu imenifaa kwa miaka miwili na ningependa uisikie kutoka kwa mtu anayeilipia.

Nina watoto watatu. Watoto hawamalizi gemu. Wanacheza siku mbili, wanachoka, wanataka nyingine. Kabla ya Game Pass nilikuwa nanunua CD moja kwa bei kamili, kisha inakaa juu ya kabati inapigwa vumbi, na kila nikiipita naumia. Sasa wanajaribu gemu kumi kwa mwezi na hakuna anayelia. Ukiiweka mashine kuwa ndiyo Xbox ya nyumbani ya akaunti yako, wengine wote wanaoitumia kwa akaunti zao wanafaidi malipo yako yaleyale, kwa hiyo hulipi mara tatu. Jambo lingine ambalo nalishukuru sana ni kwamba Xbox huhifadhi maendeleo ya gemu kwenye mtandao bure kwa kila mtu, iwe unalipia au hulipii. Mashine yetu ya kwanza iliharibika umeme uliporudi kwa nguvu, tukanunua nyingine, na mwanangu akaendelea palepale alipoachia. Kwenye PS5 huduma hiyo imo ndani ya PlayStation Plus, na gemu za PS5 zenyewe hazikuruhusu kunakili maendeleo yako kwenye flashi.

Hata hivyo nitasema kweli: bei ilipopanda ile Oktoba nilishuka kutoka Ultimate kwenda Premium, daraja la chini yake, ambayo wakati huo ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi. Gemu za Xbox wenyewe hazifiki huko siku ya kwanza, ila watoto wangu hawajui gemu ilitoka lini. Halafu nyumbani kwangu kuna faiba isiyopimiwa, na bila hiyo nisingethubutu.

Mhesabu GB

Naomba nishike hapo hapo kwenye faiba, kwa sababu naona ndipo uamuzi wa Mwalimu ulipo.

Gemu ya GB 100 kwenye mtandao wa Mbps 10, ukiwa unakwenda bila kusita hata dakika moja, inachukua zaidi ya saa 22 kushuka. Mwalimu, modemu yako ikipata Mbps 10 saa tisa usiku, jioni majirani wote wakiwa mtandaoni itapata ngapi? Na hiyo ni gemu moja. Faida yote ya huduma hizi ni uhuru wa kujaribu na kufuta, na kila unapojaribu na kufuta umekata bando. Kwa mtu wa bando la kupimiwa, gemu iliyo "bure" ndani ya Game Pass ina bei yake ya pili ambayo haiandikwi popote, na bei hiyo inalipwa upya kila unapoifuta na kuirudisha.

CD nayo haikuondolei masasisho, nakubali. Lakini sehemu kubwa ya gemu inaingia kutoka kwenye CD yenyewe, na gemu nyingi za hadithi zinachezeka hivyo hivyo hata kama sasisho halijashuka. Ila kabla ya kununua CD yoyote ya PS5 au Xbox, uliza kama gemu yote imo ndani, kwa sababu zipo ambazo CD ni ufunguo tu na GB zote zinashushwa.

Mpwani wa Muscat

Salaam kwenu nyote. Niko Oman mwaka wa tisa sasa, na huwa nawatumia CD wadogo zangu walioko Tanga, kwa hiyo nina la kusema kuhusu akaunti, na pia kuhusu hizi gemu za kipekee.

PlayStation Network, yaani mtandao wa akaunti na duka la PlayStation, inafanya kazi rasmi hapa Oman, lakini Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zake, ndiyo maana huko nyumbani kila mtu ana akaunti ya Marekani, ya Uingereza au ya Afrika Kusini na anaijaza kwa vocha. Ndugu Mwalimu, nchi ya akaunti ya PlayStation ukishaichagua haibadiliki, na vocha lazima iwe ya nchi hiyohiyo. Mimi nilimtumia mdogo wangu CD ya mpira niliyoinunua hapa, yeye ana akaunti ya Marekani, akanunua nyongeza za gemu kwa vocha ya dola 20, na nyongeza zikakataa kuonekana kwa sababu CD ilikuwa ya eneo lingine. Fedha ikapotea hivyo. Tangu siku hiyo nikishika CD natazama kona ya chini ya kasha: nikiona neno PEGI na namba, kama 3, 7 au 16, najua ni ya soko la Ulaya; nikiona herufi kubwa kama E, T au M ndani ya kisanduku cheusi na cheupe, hiyo ni ya Marekani. CD nyingi zinazokuja kwetu kupitia Dubai si za Marekani. Tazama kwanza CD zako 23 na akaunti uliyonayo, kisha ndipo uamue vocha ya nchi gani.

Sasa hizo gemu za kipekee. Mwenzako hajakosea, ila maelezo yake ni ya miaka mitano iliyopita. Ukuta upande wa Xbox umeporomoka: Sea of Thieves ilifika PS5 mwaka 2024, Forza Horizon 5 na Indiana Jones and the Great Circle zikafuata Aprili 2025, kisha Gears of War: Reloaded Agosti ya mwaka huohuo. Mtu akinunua PS5 leo anazipata nyingi za Xbox, ingawa analipia kila moja. Upande wa Sony mlango bado umefungwa kwa sehemu kubwa. Astro Bot na Marvel's Spider-Man 2 hazipo kwenye Xbox. Lakini angalia jambo ambalo wengi hawaliangalii: God of War Ragnarök, Horizon Forbidden West na Gran Turismo 7 zote zilitoka mwaka 2022 na zote zinacheza kwenye PS4 uliyonayo. Usinunue mashine mpya kwa ajili ya gemu ambayo mashine ya zamani inaiweza.

Na Gran Turismo 7, ingawa ni ya magari, isikuvutie kwa ajili ya binti, kwani sehemu yake kubwa haifunguki bila intaneti. Machi 2022 seva zake zilizimika kwa zaidi ya saa 24, na watu walioinunua kwa bei kamili wakabaki kuitazama. Kwa binti, Astro's Playroom inakuja ndani ya kila PS5 bila malipo, na nakuhakikishia atakunyang'anya padi.

Fundi Padi

Nimekubali hoja ya Mama Ilham kuhusu umeme, na naiongezea: mashine yoyote utakayochukua, weka kilinda umeme kizuri kabla ya kuiwasha. Hiyo iingie ndani ya milioni 2 zako.

Kuhusu Call of Duty, Warzone ni ya bure na haidai PlayStation Plus kwenye PS5 wala Game Pass kwenye Xbox. Kama kijana anacheza hiyo tu, usilipie huduma ya mwaka mzima kwa ajili yake.

Mwalimu wa Kihonda

Nawashukuru sana. Nimewasoma mara mbili na nimefanya mlichoniambia. Kati ya CD 23, kumi na tisa zina alama ya PEGI, na akaunti yangu ni ya Marekani, niliyofunguliwa na muuzaji mwaka 2018 bila kuelezwa lolote. Hilo limenieleza kwa nini kuna nyongeza niliwahi kuilipia nikadhani nimedhulumiwa. Nimempigia mdogo wangu pia. Ni kweli, anacheza Warzone na hana habari na nyingine.

Swali langu la mwisho ni hili: nikichukua PS5 ya CD, je, kuna sababu yoyote ya kulipia PlayStation Plus? Na mpira dhidi ya rafiki zangu wa Dodoma je?

Mama Ilham

Kwa mpira dhidi ya watu walio mbali, kama ni EA Sports FC, lazima ulipie angalau Essential, daraja la chini kabisa la PlayStation Plus. eFootball ni ya bure na haidai. Ila Essential unaweza kuilipia mwezi mmoja, wakati wa likizo, ukaiacha ikaisha. Gemu za kila mwezi ulizochukua humo zitajifunga, na zitafunguka tena siku utakayorudi kulipa. Usiwashe malipo ya kujirudia yenyewe.

Mpwani wa Muscat

Na gemu za Sony usizisubiri kwenye Extra, kwa sababu wao hawaziweki gemu zao kubwa siku ya kwanza. Nunua CD, cheza, ukimaliza ibadilishe na mwenzako. Spider-Man 2 yangu imepita mikono minne hapa mtaani.

Mwalimu wa Kihonda

Wakuu, naleta mrejesho. Jumamosi nilikwenda dukani na CD tatu mfukoni, mbili za PEGI na moja ya Marekani, nikaomba PS5 ifunguliwe na iwashwe mbele yangu. Muuzaji hakupenda, lakini nilisimama palepale. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa ya dijitali, na kasha lake lilikuwa limegeuzwa upande usioonyesha CD. Ya pili ilisoma CD zote tatu.

Nimelipa milioni 1 na laki 7, na laki moja nyingine nimenunua kilinda umeme. Nimefungua akaunti mpya ya Uingereza kwa ajili ya CD za PEGI na kuiacha ile ya Marekani kwa zile nne. Binti yupo kwenye Astro's Playroom tangu saa nne asubuhi, na padi sijaishika.