Naulizia muvi ya jasusi wa Kijerumani kisiwani, yule mama mume wake hana miguu

kijana_wa_Rangi3: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hii kitu inanisumbua miaka na miaka. Nikiwa darasa la tano kulikuwa na banda umiza kule kwetu Mbagala, kiingilio mia, mnabanana kwenye mabenchi mpaka miguu inakufa ganzi, sasa siku hiyo wakaweka muvi ya vita vya Hitler zile zilizotafsiriwa, jamaa anaongea juu ya sauti za wazungu mpaka mnacheka penye kilio. Kuna jasusi wa Mjerumani anaishi Uingereza, mrefu, mpole, ila ukimshtukia tu anakumaliza na kisu chembamba kama msumari. Boti yake inapigwa na dhoruba anatupwa kisiwani, anapokelewa na mtu na mkewe, mume hana miguu yuko kwenye kiti cha magurudumu kanuna muda wote, mke ndo anahangaika na mtoto. Mama akaanza kumpenda mgeni. Pale anapoanza kustuka kwamba huyu mtu siyo, LUKU IKAISHA!! Mwenye banda akasema anaenda kununua umeme, hakurudi. Inaitwaje, na yule mama alipona?

Kobe Mzee: Eye of the Needle mkuu, ya 1981. Jasusi ni marehemu Donald Sutherland, mama ni Kate Nelligan. Imetolewa kwenye kitabu cha Ken Follett cha 1978. Dairekta Richard Marquand ndo baadae akapewa Return of the Jedi. Mwisho sikwambii, ila kwenye kipande cha shoka na vidole usiwe unakula.

kijana_wa_Rangi3: Aisee shoka tena?? Asante sana mkuu, ubarikiwe.

binti_Upanga: Kobe ushasema nusu ya mwisho hapo 😂 Mi niliiangalia na mume wangu akawa anamtukana yule dada toka mwanzo, eti malaya. Nikamwambia hebu tulia. Mumewe alikatika miguu kwenye ajali siku yenyewe ya harusi, ndoto yake ya urubani ikafa, hasira zote akamhamishia mkewe, kitandani anampa mgongo, miaka inaenda wako kwenye jiwe katikati ya bahari kondoo kibao watu wanne. Anakuja mtu anamwangalia usoni akiongea. Wewe ungefanyaje? Na bila hayo mapenzi muvi ingekuwa ya kawaida tu, jamaa kaua watu bila kupepesa ila kwa huyu mkono unakuwa mzito, we unakaa hujui utazidi upi, mkono au kisu.

Fundi Redio: Niongezee kidogo kwenye historia. Kilichomfanya yule jasusi akimbilie kukutana na nyambizi ni picha alizopiga za ndege bandia za mbao, na huo mchezo wa silaha bandia ni kweli kabisa siyo uongo wa muvi. 1944 Waingereza na Wamarekani walitengeneza jeshi zima la uongo kusini mashariki mwa Uingereza wakasema linaongozwa na Jenerali Patton, kulikuwa na vifaru vya mpira vinajazwa upepo, maboti ya turubai, ujumbe wa redio unarushwa kutwa, ili Hitler aamini wanashukia Calais kule Ufaransa. Wakashukia Normandy tarehe 6 Juni, na hata baada ya hapo Mjerumani bado kaweka divisheni zake Calais anasubiri. Pale ambapo muvi inatunga ni huyo jasusi mwenyewe, maana majasusi wa Kijerumani waliokuwa Uingereza walikuwa wameshakamatwa au kugeuzwa. Kuna Mhispania mmoja Juan Pujol, Waingereza walimwita Garbo, alijifanya jasusi wa Mjerumani kumbe yuko na Mwingereza, alidanganya mpaka akapewa nishani na pande zote mbili 😂

Mnyamwezi wa Kariakoo: Garbo huyo angekuwa dalali hapa mjini tungekoma.

mvuvi_wa_feri: Mnakwenda mbali mno ndugu zangu. Kuna stori nzima imelala Rufiji hapo. Königsberg, meli ya Mjerumani, ilitoka hapa Dar 1914, Septemba ikaizamisha Pegasus ya Mwingereza pale Unguja, halafu ikaenda kujificha kwenye mikoko ya delta. Mwingereza akamtuma mwindaji wa tembo anaitwa Pretorius akavaa kama Mwarabu akaingia kuitafuta na kupima kina cha maji, ndo zikaja meli mbili zinazopita maji ya kina kifupi, Severn na Mersey, Julai 1915 wakaimaliza. Mamba, mbu, malaria, jasusi kavaa kanzu, unataka nini tena? Mapenzi chomekea mwenyewe, weka binti wa Salale, hapo hapo delta, anauza samaki. Lakini watu wetu wako bize na muvi za sebule moja ya Mbezi wanagombania urithi.

binti_Upanga: Huyo binti wa Salale asimuuzie Pretorius tu, na Mjerumani naye awe mteja. Hapo ndo naangalia.

kijana_wa_Rangi3: Wakuu mrejesho. Nimeiangalia jana usiku mpaka mwisho, miaka zaidi ya ishirini jamani. Kwanza bila yule mtafsiri naona kama kuna mtu kapungua humo ndani. Pili pale kwenye vidole nimepiga ukunga jirani akagonga ukuta. Binti_Upanga uko sahihi, mama wa watu sijamlaumu hata kidogo. Mwenye banda kama umo humu, mia yangu naidai.