Ramani ya mafuriko: iwe amri au ushauri?

Mleta mada: Wakuu, ramani ya hatari ya mafuriko ikionyesha kiwanja kiko kwenye njia ya maji, kibali cha ujenzi kinyimwe moja kwa moja, au mwenye kiwanja aelezwe hatari kisha aamue mwenyewe? Mimi nasema kinyimwe. Nyumba ikizama, wanaokwenda kumtoa mtu darini nao wana watoto.

Mwenye kiwanja: Rahisi kusema ukiwa mlimani. Ardhi niliinunua kihalali, mstari wa hatari kwenye ramani haukuwepo. Mtu kauchora ofisini, na benki haitaki tena hati yangu kama dhamana. Nani atanifidia? Na ramani zenyewe zinakosea. Kimbunga Harvey kilipoipiga Houston, Marekani, mwaka 2017, nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya eneo lililochorwa kuwa la hatari.

Mpimaji: Mfano huo unakugeukia, ndugu yangu. Waliokuwa nje ya mstari waliuona kama ukuta, wengi hawakukata hata bima ya mafuriko. Mafuriko ya "miaka 100" si ya mara moja kwa karne. Ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa mkopo wa nyumba wa miaka 30, uwezekano wa kufikwa walau mara moja ni kama asilimia 26. Tena ramani nyingi huhesabu mto unaofurika tu, ilhali mvua ikizidi uwezo wa mitaro huzamisha mtaa usio na mto wowote. Na kwenye tambarare, kosa la nusu mita kwenye data ya mwinuko huusogeza mstari mbali sana. (Wanaouza viwanja hawataji hilo!)

Mleta mada: Basi tuache ndiyo au hapana, tuwe na ngazi. Kule England, kanda ya 3 ni penye uwezekano wa asilimia 1 au zaidi kwa mwaka kwa mto, 0.5 kwa bahari. Mpangaji hutakiwa kwanza kutafuta ardhi yenye hatari ndogo zaidi, na hospitali haipimwi kwa kipimo cha uwanja wa mpira.

Mpangaji wa mji: Nimekaa na ramani hizi miaka mingi, na kinachonikera ni kingine. Ramani huanza kuzeeka siku lami inapomwagwa juu ya bonde. Kibali kimoja hakionekani kuwa na madhara. Vikifika mia, maji yaliyokuwa yakizama ardhini yanateremka yote kwa pamoja. Anayezama ni wa chini, aliyeyasukuma yuko juu na kiwanja chake ramani haikukigusa. Huyo alazimishwe kuyashika maji yake kwake. Kuhusu fidia: Uholanzi, baada ya mito kujaa mwaka 1993 na 1995, ilirudisha nyuma matuta ya kuzuia maji ili kuupa mto nafasi, na waliohamishwa walilipwa. Mji usiotenga fungu hilo una picha ya ukutani tu.

Mwenye kiwanja: Hapo nakubali nusu. Tarehe ya ramani iandikwe kwenye hati. Aliyenunua kabla ya ramani asiwekwe kapu moja na aliyenunua baadaye kwa bei ya kutupa, akijua.

Mpimaji: Na aliyerithi?