Mjadala: Je, tuache kukadiria uwiano wa utendanaji wa monoma kwa mstari ulionyooka?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, mlinganyo wa Mayo na Lewis, unaohusisha mchanganyiko wa monoma mbili (molekuli ndogo zinazoungana kuwa mnyororo) na kopolima, yaani mnyororo wenye monoma zote mbili, ni wa mwaka 1944, nasi hadi leo tunaupindua kwa mbinu ya Fineman na Ross ya 1950 ili upate sura ya mstari, kisha tunasoma kwa rula r1 na r2, yaani uwiano wa utendanaji: jinsi ncha ya mnyororo inavyopendelea monoma ya aina yake kuliko ile nyingine. Ukibadilisha majina, monoma ya kwanza ukaiita ya pili, data zilezile hutoa namba nyingine. Tidwell na Mortimer walionyesha tangu 1965 namna ya kukokotoa bila kuunyoosha mlinganyo, kwa hiyo anayeng'ang'ania rula ni mvivu.

Mchangiaji wa pili: Neno "mvivu" limenichoma. Wanafunzi wangu huchora mstari kwa mkono, na kwa jozi ya monoma stairini na methili methakrilati kwenye nyuzi 60 wanakaribia 0.52 na 0.46 zinazotajwa vitabuni. Isitoshe, Kelen na Tüdős waliiondoa kasoro hiyo ya kubadilisha majina miaka ya sabini.

Mwanzisha mada: Waliondoa hiyo moja tu, mwalimu. Kunyoosha kunabadilisha uzito wa makosa ya vipimo, na mstari haujui hilo.

Mchangiaji wa tatu: Mnagombania rula ilhali sampuli yenyewe ni mbichi. Juzi nililetewa spektra ya NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha protoni za molekuli) yenye vilele vidogo karibu na 5.2 na 5.7 ppm, yaani stairini ambayo haikuungana na mnyororo, na protoni zake za pete zilikuwa zimehesabiwa kana kwamba ni za kopolima. Hapo hakuna hesabu itakayokuokoa.

Mchangiaji wa pili: Kama unanilenga mimi, sisi huiangusha kopolima kama mashapo ndani ya methanoli na kuichuja, mara mbili, tukaikausha kwa ombwe hadi mizani isibadilike.

Mchangiaji wa tatu: Sikukulenga, ila mara mbili huenda isitoshe iwapo mashapo yanatoka mabonge yanayofumbata monoma ndani.

Mwanzisha mada: Nalifuta neno "mvivu", naomba radhi. Hata hivyo, mwalimu, ulitumia michanganyiko mingapi, na ya viwango gani? Kwa jozi hiyo, Tidwell na Mortimer wangekushauri urudie vipimo karibu na asilimia 20 na asilimia 80 za monoma moja kwenye mchanganyiko, badala ya kuvitawanya sawasawa.

Mchangiaji wa pili: Mitano, iliyotawanywa sawasawa. Radhi nimeipokea, lakini mabonge hatuna.